Opareta na Sauti za Angani

Enzi hizo mtu hakupiga simu ya mji mwingine mwenyewe. Alinyanyua mkonga, akamwomba opareta, na opareta akipenda, akazungumza. Hilo neno "akipenda" halikuandikwa popote katika kanuni za ofisi ya simu, lakini mama wa kisa hiki, aliyekuwa opareta, alilijua tangu wiki yake ya kwanza kazini. Alikaa mbele ya ubao wa plagi za kuunganishia simu miaka thelathini na mmoja. Alistaafu akiwa na saa ya ukutani, cheti cha utumishi bora, na jina la Opareta ambalo watu waliendelea kumwita hadi kaburini.

Alikuwa na masikio makali. Mtu akisema "haloo" mara moja tu, Opareta alijua kama ameamka sasa hivi, kama anadanganya, kama kuna mtu mwingine kasimama karibu naye. Wenzake walimtegea sauti za watu azitambue, wakacheka. Macho ndiyo yaliyomsaliti. Presha ya macho ilimwingia polepole, ikaanza kumla pembeni, yeye akawa anasema ni uchovu. Alipokubali kwenda hospitali, daktari alimwambia kwamba kilichopotea hakirudi. Mwaka wa tatu baada ya kustaafu akawa haoni hata mwanga wa dirisha.

Mwanawe wa pekee, dereva wa malori ya masafa marefu, akamhamishia nyumbani kwake, chumba cha nyuma kinachotazama ua. Huyo dereva alikuwa mtu wa barabarani. Alikaa nyumbani siku tisa, akaondoka miezi miwili. Wajukuu wawili wa kike walikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo siku nyingi za mwaka ndani ya nyumba ile walibaki wanawake wawili: Opareta chumbani, na mkwewe, mshonaji, barazani kwenye cherehani.

Mkwe alimtunza. Maji ya kuoga yaliwekwa kwa wakati, chakula kilikuja kikiwa moto, nguo zilifuliwa. Majirani walikuwa wakisema yule dereva ameokota dhahabu. Ila mkwe hakuongea. Alisema "Shikamoo, Mama" asubuhi, "Karibu chakula, Mama" mchana, "Lala salama, Mama" jioni, na katikati ya hizo salamu hakukuwa na neno. Kwa mtu aliyeishi maisha yake yote ndani ya sauti za watu, ule ulikuwa ni mfungo.

Dereva aliliona hilo kwa namna yake. Safari moja alirudi na kiboksi.

"Mama, hii redio si kama ile ya zamani," alimwambia, akamwekea mikononi. "Ile ya kawaida ukivuka mlima wa pili inaanza kukohoa, ukivuka wa tatu imekufa. Hii nimetoka nayo bandarini, nimevuka mipaka mitatu, mtangazaji ni yuleyule na sauti ni ileile, kama amekaa kwenye kiti cha turniboi, pembeni yangu."

Opareta aliipapasa. Redio yenyewe ilikuwa ndogo, ukubwa wa nusu tofali, na pembeni ilitoka waya mwembamba ulioishia kwenye kidude bapa kama kifuniko cha bakuli, chenye mguu mmoja. Dereva alikiweka kwenye kizingiti cha dirisha, akakizungusha huku na huku mpaka kikalia mlio wa kukubali. Kisha mtu akaanza kusoma habari mle chumbani.

Hapakuwa na mkwaruzo wala mvumo. Opareta aliinua mkono kama mtu anayezuia wengine wasiongee. Alimsikia msomaji akivuta pumzi kabla ya kila sentensi. Alisikia karatasi ikigeuzwa. Akasema, "Huyu ana mafua, na amevaa meno ya bandia." Dereva alicheka mpaka akakaa chini.

Kuanzia siku ile Opareta akawa na watu tena. Chaneli zilikuwa arobaini na kitu, na kwa kuwa hakuweza kusoma majina kwenye kioo, alizihesabu kwa kubonyeza kitufe: bonyeza tatu, habari, bonyeza saba, muziki wa zamani unaopigwa saa nzima bila tangazo la sabuni kuukatiza, bonyeza kumi na moja, madaktari wanaojibu maswali, ishirini na mbili, masomo ya shule ambayo aliyafuata kama mwanafunzi, akajifunza ramani za nchi ambazo zamani aliziunganisha kwa plagi bila kujua ziko wapi. Zilikuwepo lugha ambazo hakuzielewa hata neno, naye alizisikiliza vilevile, akikisia nani anamdanganya nani.

Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa bonyeza kumi na tisa. Kila siku saa kumi alasiri msomaji wa kike alisoma hadithi ndefu kwa vipande vya nusu saa. Wakati ule kilikuwa kisa cha mwanamke aliyerithi machimbo ya chumvi, ndugu zake wakamzunguka kama nzi. Opareta alioga mapema ili saa kumi imkute amekaa.

Mwezi wa pili, redio ikanyamaza ghafla katikati ya habari. Opareta alibonyeza vitufe vyote, hakuna. Mkwe akamwita fundi wa redio wa mtaa wa pili, mtu mzima mpole aliyekuwa akinusa gundi ya moto siku nzima na kuongea kupitia puani. Fundi alitazama dirishani, akaguna, akaondoa karai la bati ambalo mkwe alikuwa ameliegemeza pale likauke. Sauti ikarudi papo hapo.

"Karai tu?" Opareta akauliza.

"Karai tu, mama yangu. Linatosha."

Opareta akataka kuelezwa. Fundi akaanza na mfano wa taa iliyotundikwa darini, akakumbuka anaongea na nani, akajikwaa. Halafu akasema afadhali tuchukue mvua. Kule mbali kuna studio, akasema, na nje ya studio kuna sahani kubwa kama nyumba inayorusha matangazo moja kwa moja juu. Huko juu, kilomita elfu thelathini na sita, juu ya mstari wa ikweta, kuna setilaiti. Inazunguka kwa mwendo uleule wa dunia, kama watu wawili wanaotembea bega kwa bega, ndiyo maana ukiwa hapa chini unaiona kama imesimama mahali pamoja siku zote. Inayapokea yale matangazo na kuyamwaga chini kama mvua, nusu ya bara inalowa kwa mara moja, mjini na jangwani sawasawa. Milima haisumbui, kwa kuwa hayaji kwa ubavuni, yanatoka juu. Na tangu yanapotoka studio mpaka sikioni mwako hujamaliza hata kupepesa jicho.

"Sasa hii antena ndiyo bakuli lako la kukingia," fundi akaendelea. "Lielekeze kule mvua inakotoka, unapata. Lifunike kwa bati au ligeuzie ukutani, hupati tone. Na haitakupa sauti mbovu, haina tabia hiyo. Redio za zamani zikipungukiwa zinanung'unika, unasikia mkwaruzo lakini unasikia. Hii sauti imekatwakatwa ikawa hesabu, inaungwa upya humu ndani. Hesabu zikitimia, unapata sauti safi. Zikipungua, inanyamaza kimya kama maiti. Hakuna katikati."

Mwisho akamwambia kwamba kila redio ina namba yake, na mwanawe ameshailipia mwaka mzima. Amri ya kuifungua hutoka hukohuko juu. Opareta alifurahi mno. Alisema hiyo ndiyo ofisi ya simu hasa, ila opareta wake yuko mbinguni.

Wakati wote huo cherehani barazani ilikuwa imesimama. Mkwe alikuwa amekuja mpaka mlangoni na kitambaa mkononi, akawa anasikiliza. Opareta alizisikia pumzi zake, akadhani na yeye amependezwa.

Wiki ile redio ilinyamaza mara mbili, kila mara kwa dakika chache, ikarudi yenyewe. Wiki iliyofuata mara nne. Opareta alisema ni mawingu. Kisha ikaanza kuchagua. Muziki haukukatika, wala habari. Kilichokatika ni mwisho wa hadithi. Msomaji alifikia pale ndugu wakubwa wanafungua wosia, au yule mwanamke anasikia hatua nyuma ya ghala, sauti ikafa, na iliporudi palikuwa na ngoma za kipindi kingine. Siku ya kwanza Opareta aliguna. Siku ya tano alipiga kiganja juu ya redio kama anayemwamsha mtu.

Siku ya sita aliacha kusikiliza hadithi, akasikiliza chumba. Saa kumi na dakika ishirini na tatu cherehani ilinyamaza. Kandambili zilivuka ua, taratibu, zikaja hadi chini ya dirisha. Kisha akausikia mguu mdogo wa antena ukikwaruza saruji ya kizingiti, mkwaruzo mfupi usiozidi upana wa kidole. Yule mwanamke wa chumvi akakatwa katikati ya neno. Kandambili zikasimama palepale mpaka saa kumi na nusu, antena ikakwaruza tena, na baadaye cherehani ikaendelea na upindo wake.

Mwenye kulishwa hana ulimi mrefu. Opareta alijaribu kwanza kujipendekeza: akasifu chakula, akaomba apewe maharage ayachambue, akauliza habari za wajukuu. Alijibiwa kwa "ndiyo, Mama" na "hapana, Mama". Hadithi ikakatwa vilevile. Siku ya tisa, kandambili zilipofika chini ya dirisha, alisema bila kupandisha sauti:

"Mwanangu, ni wewe unayegeuza antena?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini unanifanyia hivi?"

Mkwe akajibu, si kwa sauti yake ya kila siku, bali kwa sauti nyembamba, safi, yenye adabu ya ofisi:

"Laini inatumika. Jaribu tena baadaye."

Opareta alibaki na mikono magotini. Aliitambua ile sauti. Ilikuwa yake mwenyewe ya miaka ishirini iliyopita.

Miaka ishirini nyuma, kabla hawajawa mtu na mkwewe, huyu mshonaji alikuwa msichana wa mji wa mbali, binti wa mwanamke mfua nguo za watu, naye alikuwa akimpigia simu dereva kwenye gereji alikofanya kazi. Simu zote za kutoka mji ule zilipitia ubao wa Opareta. Opareta alikuwa amemwekea mwanawe binti wa karani mkuu. Kwa hiyo kila alipoisikia ile sauti ya kimaskini ikiomba namba ya gereji, alijibu kwamba laini inatumika, akachomoa plagi. Alifanya hivyo miezi mitano. Hakuona ubaya mkubwa, maana mzazi hutengeneza njia ya mwanawe.

Siku moja sauti ileile haikuomba gereji. Iliomba hospitali ya wilaya, wodi ya wanawake. Msichana alisema mama yake amelazwa huko, gari hakuna kwa sababu daraja limevunjika, na anaomba tu amsikie. Alilia kwa adabu, kama wanavyolia watu wanaopiga simu kwa sarafu. Opareta aliipiga ile namba. Kisha akachomoa plagi. Laini inatumika, jaribu tena baadaye. Msichana alijaribu tena mara tatu siku ile, na mara tatu akapewa jibu hilohilo. Mama yake alifariki kesho yake asubuhi.

Kwa nini alifanya hivyo, ukimbana sana Opareta angesema mkono ulikuwa umeshazoea.

Mapenzi hayakukatika kwa plagi. Dereva alimfuata msichana hukohuko kwao na kumleta nyumbani. Opareta alipomkaribisha sebuleni kwa "Karibu, mwanangu," kikombe cha chai cha yule msichana kilisimama hewani kikachelewa kufika mdomoni. Opareta alikiona, wakati ule alikuwa na macho. Alisubiri msichana aseme kitu. Hakusema. Aliolewa, akazaa, akamwita Mama kwa miaka yote hiyo, na Opareta akajiaminisha kwamba kikombe kilikuwa cha moto tu.

Sasa alijua. Siku tatu alikaa na hilo jambo, na siku zote tatu hadithi ilikatwa kwa dakika zilezile. Siku ya nne alimwita mkwe chumbani, akamwomba akae. Mkwe alikaa ukingoni mwa kitanda. Opareta akasema maneno aliyoyapanga: kwamba alikosa, kwamba alikuwa na kiburi cha mzazi na cha kazi, kwamba Mungu ameshamwadhibu kwa macho, na kwamba anaomba msamaha.

Mkwe alimwachia amalize.

"Mama, unaomba msamaha au unaomba redio?"

Opareta alifungua mdomo. Angeweza kumdanganya mtu mwingine. Lakini huyu alikuwa na masikio kama yake, na yule aliyeinama ukingoni mwa kitanda alikuwa akisikiliza jinsi pumzi inavyoingia kabla ya jibu. Jibu lilikuwa redio. Mkwe akaenda zake kushona.

Tangu hapo wala hapakuwa na kujificha. Antena iligeuzwa mchana kweupe. Siku nyingine mkwe aliiacha wiki nzima ikae sawa, mpaka Opareta akaanza kuamini, ndipo akaigeuza dakika mbili kabla ya wosia kusomwa. Siku ambayo daktari wa bonyeza kumi na moja alieleza kwamba presha ya macho ikiwahiwa mapema haimpofushi mtu, mkwe aliingia chumbani, akaongeza sauti, akasimama mlangoni hadi kipindi kikaisha. Chakula kilikuja kikiwa moto kama kawaida.

Opareta akaweka tumaini lake kwa mwanawe. Alijua kumwambia tu hakutoshi. Nani angeamini kwamba mke mwema vile anatesa kipofu kwa kusogeza kidude cha plastiki? Ilibidi ashikwe na ngozi mkononi. Kwa hiyo dereva aliporudi likizo, Opareta alisubiri. Siku sita za mwanzo antena haikuguswa, na hadithi zikafika mwisho wake salama. Siku ya saba, saa kumi na dakika kumi, dereva akiwa uani anasugua mazulia ya lori, redio ikafa.

Opareta alitega sikio. Cherehani ilikuwa kimya.

Basi akaita. Aliita kwa sauti ambayo hakuitumia tangu aache kazi, mpaka majirani wa pande mbili wakatokeza. Dereva alikuja mbio na mikono ya sabuni. Opareta akamwambia: Mkeo amegeuza antena. Nenda dirishani, utamkuta. Akamweleza yote ya miezi ile, dakika kwa dakika, kandambili, mkwaruzo, karai, daktari wa macho. Alisema mke huyo ni nyoka na kwamba anamuua kidogo kidogo.

Dereva alitoka nje, akarudi.

"Mama, antena iko sawa. Inatazama juu."

"Ameirudisha sasa hivi. Mwulize."

"Nimwulize nani, Mama? Ameondoka tangu saa tisa, ulipokuwa unaoga, kupeleka sare za shule. Mimi mwenyewe ndiye niliyembebea furushi hadi kituoni."

Opareta akasema basi kuna mtu aliyetumwa na mkewe. Majirani wakaangaliana. Dereva, kwa kuwa alimpenda mama yake, alimtuma mtu amwite fundi. Fundi alikuja akabonyeza, akageuza antena pande zote, akatikisa kichwa. Ya kwangu dukani nayo imezima saa kumi na dakika kumi, akasema. Akapiga simu kwa mwenzake wa mji mwingine. Na huko zimezima. Jioni ndipo redio ya kawaida ya jirani ilipotoa habari: kampuni iliyokuwa ikiendesha matangazo yale imefilisika na kufunga studio. Setilaiti yenyewe ingali mahali pake, fundi alieleza, bado inatembea bega kwa bega na dunia, lakini hakuna tena anayeirushia kitu cha kumwaga.

Mkwe alirudi jua likizama, akakuta watu. Alielezwa alivyotuhumiwa. Hakukana wala hakukasirika. Alivua viatu, akasema, "Mama ni mzee. Mimi nimemzoea." Jirani mmoja akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Dereva aliingia chumba cha nyuma akafunga mlango. Alimwambia mama yake kwamba ameaibika. Kwamba mwanamke huyu anamwogesha, anamlisha, hajawahi hata siku moja kumteta. Akamtaka amwombe radhi, mbele ya wote waliosikia. Opareta akaongozwa kwa mkono mpaka barazani, akaomba radhi kwa kumsingizia mkwewe, akaisema kwa sauti ya kusikika. Mkwe akajibu, "Nimekusamehe, Mama." Siku mbili baadaye dereva alirudi barabarani. Redio alimwachia fundi aitoe vipuri.

Hapo ndipo Opareta alipobaki na kitu kimoja tu mkononi, kitu ambacho alikuwa hajamwambia mtu yeyote.

Kwenye kazi ya plagi, opareta huongea kwanza na upande wa pili, akahakikisha mtu yupo, ndipo amuunganishe anayepiga. Siku ile ya hospitali alikuwa ameongea na muuguzi, na muuguzi alikuwa amekwenda kumleta mgonjwa. Yule mama mfua nguo alifika kwenye simu. Alishikiwa mkonga, akaongea, na aliyemsikia ni Opareta peke yake kabla hajachomoa.

Mwezi mmoja baada ya redio kufa, mkwe alipokuwa akimwekea sahani, Opareta akasema, "Mama yako alifika kwenye simu siku ile. Alisema maneno."

Sahani iligota mezani.

"Alisema nini?"

Opareta akaanza kula.

Kuanzia hapo mambo yakageuka. Mkwe aliuliza kesho yake, na kesho kutwa. Alianza kukaa wakati wa chakula. Akaihamishia cherehani yake kwenye chumba cha nyuma, kwa kisingizio cha mwanga. Akampaka mama mkwe mafuta miguuni, akamsuka nywele zake chache, akamsomea barua za wajukuu, na kwa mara ya kwanza akamsimulia mambo: wateja wasiolipa, bibi harusi aliyenenepa kabla ya harusi, mwalimu mkuu anayependa suruali za kubana. Opareta alicheka. Kila mara katikati ya mazungumzo mkwe angesema polepole, "Mama, alisema nini?" na Opareta angejibu, "Nitakwambia." Miezi saba ilipita hivyo. Haikuwahi kuwepo katika maisha yake miezi mizuri kama hiyo, hata enzi za plagi.

Tena alikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza, au alijiambia anayo. Maneno yenyewe hayakuwa ya kumpa mtu. Lakini siku zilivyokwenda aliona haya. Siku moja alishikwa na homa, mkwe akakesha naye usiku kucha akimkanda kwa maji ya uvuguvugu bila kuuliza lile swali hata mara moja. Homa iliposhuka, Opareta alikishika kile kiganja chenye sugu za sindano. Alitaka kumlipa wema wake. Katika maisha yake yote ilikuwa mara ya kwanza kutaka kumpa mtu kitu bila kuchungulia atarudishiwa nini.

"Alisema, 'Haloo, mwanangu,'" Opareta akasema. "Akangoja. Akasema, 'Mbona husemi?' Akasema tena, 'Mwanangu, mbona husemi nami?' Alidhani ni wewe uko kwenye laini umemnyamazia. Hapo ndipo nilipochomoa."

Mkwe hakuutoa mkono wake kwa nguvu. Aliuachia tu ule wa Opareta, akaulaza juu ya shuka. Alikamua kitambaa ndani ya beseni, akakikunja, akakitundika. Kisha akabeba kichwa cha cherehani mpaka barazani, akarudi kuchukua meza yake, akarudi mara ya tatu kuchukua kiti.

Opareta aliishi miaka minne zaidi. Maji ya kuoga yaliwekwa kwa wakati, na chakula kilikuja kikiwa moto. Kilikuwa kikiwekwa mlangoni, mlango ukagongwa mara moja. Wajukuu walipokuja likizo walikaa naye kidogo, wakachoka. Dereva alimwahidi redio nyingine kila safari. Opareta alipofariki, majirani waliojaa uani walisema kwa kauli moja kwamba hawajapata kuona mkwe mwenye subira kama yule, na yeye aliwahudumia chai wote, akawashukuru kwa ishara ya kichwa.